Mshahara wa Digrii kwa Benchi ya Mahindi

Mimi shule niliiona kwa dirisha tu, na hiyo dirisha ilikuwa imefungwa. Kwa hivyo msichana wangu alipomaliza chuo na digrii ya uchumi, majirani wakachanga, tukala wali hapa Makina mpaka panya wakawa wanatembea wameshika kiuno. Ile gauni nyeusi alivaa ilikuwa kubwa, ungepangisha watu wanne ndani na ubaki na jikoni.

Halafu akatafuta kazi mpaka viatu ikaisha ikabaki kamba. Ule mkopo wa serikali uliomsomesha, wenyewe haukutafuta chochote. Ulikaa tu ukinenepa.

Jioni moja akatoka Kawangware, amepanga chumba huko kwa ploti ya mzee fulani, akanikuta nachoma mahindi pale steji ya Olympic.

"Niaje, buda."

"Poa, mathe." Yeye huniita buda, baba yake; mimi humuita mathe juu alichukua jina ya mama yangu. "Mbona uso kama sufuria ya jana?"

"Nimepata kazi. Ofisi moja huko tao, katikati ya jiji, kuingiza namba kwa kompyuta."

Nikapiga nduru mpaka nadhani mbwa wa Kawangware waliitikia. Yeye hakucheka.

"Ngoja kwanza. Landlord naye amesema naeza weka jiko mbele ya ploti, nichome mahindi kama wewe. Hapo hakuna mtu anachoma. Na hao wa ofisi wanataka jibu kesho."

Sasa, kwetu kila kitu huhesabiwa na mahindi, juu kusoma karatasi mimi siwezi. Hata mahari ya mamake nilimuelezea na mahindi akiwa mdogo. Msichana akafungua gunia, akapanga mahindi mbichi kwa benchi, mstari mrefu hivi, ungedhani treni imesimama.

"Kila moja ni elfu. Hii yote ni mshahara."

"Wee! Tumetajirika!"

Akaanza kutoa. Makato. Nyumba. Fare. Chakula. Mkopo, hiyo ilibeba zile nono. Treni ikaisha, ikabaki mahindi mbili.

Mama mmoja wa Makina akasimama. Akachukua moja ya hizo mbili.

"Nichomee hii, weka ndimu mob, usininyime. Si huyu ndio yule wa digrii? Ilikuwa ya nini tena?"

"Ya uchumi," nikasema.

"Basi ashushe bei ya unga, tumengoja sana."

Nikacheka, juu ni kastoma. Nikachoma ile akiba ya msichana wangu, nikapaka pilipili, nikachukua pesa. Mama akaenda akitafuna.

"Haya, sasa panga ya jiko," nikamwambia.

Akapanga. Akatoa makaa, gunia ya mahindi, nyumba, chakula. Fare hakuna. Mkopo pia akatoa, juu alisema usipolipa wanaongeza faini. Mahindi ukisahau kwa moto inaungua inaisha. Deni ukisahau inanona. Lakini hata baada ya mkopo, benchi ilibaki na mahindi nne, hapo mbele yetu, hata mtoto angeona.

Nikajua natakiwa kusema, "Weka jiko." Nikafikiria wale majirani na wali yao. Mdomo ikakataa. Unajua vile mguu hufa ganzi umeukalia? Ilikuwa hivyo, lakini mwili mzima.

"Amua wewe, mathe."

Akaokota zile nne. Akazirudisha kwa gunia polepole.

"Nitaenda ofisi."

"Na mahindi imesema jiko?"

"Nikichoma mahindi, ule mkopo ulikuwa wa nini?" Akapanguza mikono kwa sketi. "Darasani walitufundisha, pesa ikishaenda usiifuate. Niliandika hiyo kwa mtihani, nikapata maksi. Na bado naifuata, buda."

Nilingoja nisikie uchungu, ama hata raha kidogo, si msichana wangu ni mtu wa ofisi sasa? Hakuna kitu ilikuja. Nikapepea moto.

Siku hizi anaenda tao na viatu mpya. Watu wa Makina wakiuliza, nawaambia kiti yake inazunguka mpaka anaona Mombasa. Wanapenda hiyo.

Mwisho wa mwezi wake wa kwanza kazini alipitia hapa Olympic na simu mkononi. Wale wa mkopo wamemtumia meseji.

"Deni imepungua," akasema.

"Imepungua aje?"

Akachukua mahindi moja kutoka kwa jiko, akang'oa punje moja na kucha, akaniwekea kwa mkono. Akanionyesha ile mahindi ingine yote. "Na hii ndio imebaki."

"Basi tukule, ni sherehe," nikasema. Nikaibana kwa midomo, nikatafuna.

Yeye ndiye aliniambia baadaye midomo yangu imetoka malengelenge. Punje ilikuwa ya moto. Mimi sikuwa nimesikia uchungu.