Kabari ya Mzee Anaeli

Siku hiyo naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu: dizeli na pumba za mahindi zilizolowa mvua. Nilikuwa na umri kama wako huo, ndevu hazijakaa sawa, nimeajiriwa kuendesha kichwa kidogo cha treni kwenye kiwanda cha unga hapa Arusha. Usifikirie treni ya abiria. Kilikuwa kifupi, cha njano, hakitoki nje ya geti. Kazi yake kuvuta behewa hili, kusukuma lile, kuyapanga yapakuliwe. Lakini mimi pale juu nilijiona rubani.

Nilikuwa nimetoka kwenye malori, na lori nalijua. Lori ukiliegesha mlimani ukalizima ndani ya gia, linajishika lenyewe. Kichwa kile hakikuwa hivyo. Nguvu ya injini ilipitia kwenye mafuta, yakazungushwa ndani ya sanduku lake mpaka yasukume magurudumu. Ukizima injini, mafuta yanatulia, na magurudumu hayana wa kuyashika, yako huru kama ng'ombe aliyekata kamba. Hayo nilielezwa siku ya kwanza kabisa. Nikaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, akili yangu ikiwa bado kwenye lori. Wazee walisema mzoea punda hapandi farasi, nami nilikuwa yule wa punda hasa.

Aliyenieleza ni Mzee Anaeli, Mmeru wa Nduruma, mtu mpole wa maneno machache. Yeye ndiye aliyekuwa akiingia katikati ya kichwa na behewa kufunga mnyororo. Alikuwa amechonga kabari ya mti mgumu, akaifunga kamba na kuitundika kwenye mlango wa dereva, usiweze kushuka bila kuigusa. Sheria yake ilikuwa moja: dereva na kabari hushuka pamoja. Ukishuka, unaiweka chini ya gurudumu. Ukipanda, unapanda nayo. Basi.

Asubuhi hiyo, saa ya chai, mvua inanyesha. Getini palikuwa na binti wa mtaa wa Levolosi aliyeuza chai na maandazi, na maandazi yale, mwanangu, yalikuwa na hiliki. Ndiye mama yako huyo, anayejifanya hasikii. Basi nikazima injini. Breki ya mkono nikaizungusha mara mbili tu, wakati ilitakiwa izungushwe mpaka ikaze. Kabari nikaisukuma kwa kiwiko nipite. Nikakimbia getini.

Kikombe hakijafika nusu nikasikia chuma kinagonga chuma. Mzee Anaeli alikuwa ameingia katikati kufunga mnyororo, akiamini dereva ameshaweka kabari kama kawaida. Reli pale inateremka kidogo, huwezi kuona kwa macho, na kichwa kilianza kumfuata polepole bila sauti. Kilichomwokoa ni kokoto moja iliyopasuka chini ya gurudumu. Aliisikia, akajirusha pembeni. Kofia yake ilibaki pale kifua chake kilipokuwa, ikabanwa ikawa bapa kama chapati. Nilimkuta amekaa kwenye tope, ameshika goti, anahema.

Msimamizi akaja mbio, akauliza kumetokea nini. Nikasema breki zimegoma. Yaani hata sikufikiri, lilinitoka tu. Mzee Anaeli akainua macho, akaitazama kabari mlangoni. Ilikuwa inaning'inia pale, kavu, haina hata tone la tope. Aliposaidiwa kusimama aliniambia tu kwamba Jumapili baada ya ibada niende kwake Nduruma.

Siku tatu zilizobaki kufika Jumapili mafundi walifungua breki zile wakitafuta ubovu usiokuwepo, nami nawapita nimeinamisha kichwa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ukiwa ndani yake unaiona ndefu.

Jumapili nikaenda. Nilitegemea kukuta kikao cha wazee wa kunigombeza. Nikakuta watoto wanne wamenawa miguu, na mkewe, Mama Penda, ameandaa loshoro, mahindi ya maziwa mgando. Nikamwamkia shikamoo. Mzee Anaeli akamwambia, "Huyu ndiye dereva wangu."

Mama Penda akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante sana, baba," akasema. "Mzee huwa ananiambia, mtu aliye kule katikati hana breki. Breki yake ni dereva. Kila jioni akiingia mlangoni namshukuru Mungu, kisha nakushukuru na wewe."

Kofia ilikuwa msumarini, imefuliwa, bado bapa. Mama yule alidhani imeanguka tu ikakanyagwa na behewa. Nilijaribu kula nikashindwa. Nikalia, mwanangu, mwanaume mzima mbele ya watoto wa watu. Nikamwambia mama, breki hazikugoma. Sikuweka kabari. Nilikwenda kunywa chai.

Akamtazama mumewe, akawatazama watoto. Kisha akanisogezea bakuli.

"Kula kwanza," akasema. "Kesho ukamwambie na msimamizi."

Mzee Anaeli akanisindikiza mpaka kwenye mfereji. "Nilijua," akaniambia. "Sikukuita nikuaibishe. Nilitaka uwaone wanaonisubiri."

Kesho yake nilisema kweli. Nikaondolewa kitini, nikapewa ufagio wa kusafisha reli hadi masika yakaisha, na mafundi walinisema sana, nami nilistahili. Siku niliyorudishwa kwenye kiti, wa kwanza kuingia katikati alikuwa Mzee Anaeli. Nilishuka na kabari, nikaiweka. Nilipoinuka nikaona yupo ndani tayari, anafunga mnyororo, amenipa mgongo. Hakugeuka kuangalia kama nimeiweka. Hapo ndipo nilipofundwa kweli.

Sasa wewe kesho unakalia kiti cha mashine, na mashine za siku hizi zina taa na vioo vya kuonyesha kila kitu. Sikuzuii kuzifurahia. Ila sikiliza. Anayekufundisha usimwitikie ndiyo kabla hujamwelewa, bora akuone mzito wa kichwa. Ukikosa, sema siku hiyo hiyo, maana kosa la asubuhi ukilifunika, jioni limeota mizizi. Na kila unapotaka kushuka, jiulize nani yuko katikati, na nani anamsubiri nyumbani.

Kabari yenyewe Mzee aliniachia alipostaafu. Ndiyo hiyo inayozuia mlango wa jiko. Ichukue, mlango tutauzuia kwa jiwe. Mungu akurudishe nyumbani kila jioni, mwanangu, na kila anayekupa mgongo kazini akikuamini, naye arudi kwao salama.