Mbuzi wa Shukrani wa Nyantakara

Wenzangu wa Benaco, mlioniona nikiondoka na khanga mpya na jogoo kwapani mlijua naenda kwenye furaha. Hata mimi nilijua hivyo. Wifi yangu, Mama Neema, alikuwa amepiga simu kutoka Nyantakara: pacha wangu Doto, aliyesumbuliwa na tumbo tangu msimu wa kupanda, amepona, na Jumapili wanachinja mbuzi wa shukrani. Basi mimi Kulwa, niliyemtangulia kuzaliwa, nibaki nyumbani napepeta maharage? Thubutu!

Jumamosi asubuhi nikapata gari la kushuka Lusahunga. Malori ya mpakani yalikuwa yanapanda vilima yakikoroma, na jogoo wangu akawa anayajibu mpaka abiria wakamchoka. Lusahunga nikanunua hindi la kuchoma, nikapanda pikipiki ya kuingia Nyantakara. Vumbi jekundu, mihogo, mahindi, na kila baada ya mashamba zizi la Msukuma mwenzangu aliyehama Shinyanga na ng'ombe wake. Niliimba njia nzima, kijana wa watu akanivumilia.

Mchana nikafika. Wifi alinikumbatia na jogoo wangu humo humo.

"Karibu wifi! Pole na safari."

"Nimeshapoa. Mgonjwa wako yuko wapi?"

"Mgonjwa gani tena? Yuko zizini."

Tukakaa jikoni, akanisimulia. Doto alikuwa akimeza vidonge vya maumivu ya mgongo karibu kila siku. Tumbo likaanza kumuwaka, hapa chini ya kifua. Ndipo wakakumbuka mzizi ambao jirani yao, Baba Yeremia, aliwahi kuchemsha akanywa kwa shida hiyo hiyo.

"Yeye ulimponya kabisa, marehemu," wifi akasema. "Alikuja kufa ghafla tu, akiwa mzima."

Doto naye akanywa. Maumivu yakapungua, na choo kikaanza kutoka cheusi ti, kinanata kama lami, kina harufu ya kumkimbiza mtu.

"Ni uchafu wa tumbo, wifi. Dawa inausukuma nje."

Nikaitikia kwa kichwa. Mnatujua: kwetu dawa isiyotoa kitu haiheshimiwi. Mtu akinywa, nyumba nzima inauliza kimetoka nini, na kadiri kinavyotisha ndivyo tunavyoisifu.

Jioni ng'ombe walipokuwa wanarudi nikaenda zizini. Doto alikuwa amekaa juu ya jiwe. Doto huyu, akae wakati ng'ombe wanaingia!

"Mwadila, Kulwa," akanisalimu, na salamu hiyo tu ikamfanya aheme juu juu.

Akainuka ili anionyeshe mtamba wake mpya. Akamshika pua, akamvuta kope ya chini, kama baba alivyotufundisha. Ndani ya kope pakiwa pekundu, mnyama ni mzima. Pakipauka, damu imemwishia. "Huyu safi," akasema. Kisha akayumba, akaudaka mti wa lango.

Nikamshika kidevu. Nikamvuta kope. Mama yangu! Palikuwa peupe kabisa, na midomo yake nayo, sasa nilipoitazama vizuri, haikuwa na rangi.

"Doto, ng'ombe mwenye jicho hili ungemfanyaje?"

"Niachie. Mimi si ng'ombe."

"Nijibu!"

Akatazama chini. "Ningemwita bwana mifugo."

"Lini?"

"Leo hii."

"Lakini kesho ni ibada," wifi, aliyekuwa amenifuata, akasema nyuma yangu, kwa sauti ndogo. "Watu wamealikwa, na mbuzi..."

"Mbuzi aendelee kula majani yake!" nikafoka. Sikuwa na hasira naye, masikini. Niliogopa.

Jirani mwenye gari la kubebea mazao akatuchukua mpaka hospitalini Biharamulo. Njiani Doto akatapika, na kilichotoka kilikuwa cheusi kama machicha ya kahawa. Wifi alisali kwa Kirundi, lugha ya kwao. Mimi nilishindwa kusali. Nilimshika kichwa nikamwambia asithubutu kufa kabla yangu, mkubwa ni mimi.

Daktari, dada mpole wa maneno machache, aliuliza maswali ambayo sisi hatukuwahi kuyauliza. Choo rangi gani? Kinanata? Anameza vidonge vya kuongeza damu, ambavyo navyo hufanya choo kiwe cheusi? Hapana. Vya maumivu je? Ndiyo, kila siku. Akatueleza kwamba vidonge hivyo vimemchimba kidonda tumboni, kidonda kinavuja, na damu ikishapita tumboni hutoka nyeusi. Tulichokuwa tunakishukuru ni damu ya ndugu yangu.

Akaongezewa damu, akatibiwa, akabaki wodini. Mimi na wifi tulikaa kwenye benchi bila kutazamana, mpaka daktari alipotuambia yuko salama.

Nilimwomba anifundishe, nije niwaambie. Kiungulia cha siku moja, au kuharisha kidogo huku unakunywa maji na nguvu unazo, unaweza kujiangalia nyumbani. Lakini choo cheusi kama lami au chenye damu, kutapika damu au machicha yale, tumbo gumu lenye maumivu makali, kizunguzungu na kuishiwa pumzi, hayo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yametulia. Na anayekonda bila sababu, au chakula kinamkwama kooni, asizoee, akapimwe.

Siku ya kuagana Doto alikuwa ameketi kitandani, anakunywa uji.

"Kulwa, umenifanya ng'ombe."

"Ningekufanya mtu, tungekuzika."

Akacheka kidogo, kisha akalia, nami nikalia.

Nilipitia Nyantakara kuchukua mzigo wangu. Mbuzi alikuwa bado amefungwa nyuma ya nyumba. Mama Yeremia, mjane wa yule jirani, akaja kutupa pole. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa, akaniomba nimweleze ilivyokuwa. Nikaeleza yote. Alisikiliza akivutavuta pindo la kitenge chake.

"Na choo chake," akauliza, "kilikuwa cheusi?"

"Kama lami, mama."

Alimtazama yule mbuzi.

"Sisi wetu tulimchinja," akasema.