Nguo ya Bibi Harusi

Juzi mjukuu wangu Hodan alinisomea tovuti ya zamani ya habari za sinema za Kikannada, lugha ya kusini mwa India. Alisema waliianzisha watu wachache tu, mtandao ukiwa bado mchanga, ili wenzao walio mbali wapate habari. Mimi sikusoma, lakini kazi hiyo naijua, na wanaoifanya nawaheshimu.

Nikiwa mtoto, Habaryar Dahabo, dada ya mama, aliuza maziwa ya ngamia nyuma ya banda la sinema za Kihindi hapa Garissa. Wanawake hatukuingia. Yeye aliegemea mabati yenye joto, kibuyu chake kikinukia moshi, akasikiliza nyimbo na vilio. Kihindi hakujua hata neno. Sinema ikiisha, aliwasimulia wenzake yote. Mimi niliamini mabati yana tundu analochungulia.

Alasiri moja alisema bibi harusi alivaa nguo ya kijani, kama malisho baada ya mvua. Mwanamume aliyetoka ndani akacheka.

"Wallahi muongo wewe! Picha ile haina rangi, ni nyeusi na nyeupe tu."

Nilikimbia kutafuta lile tundu nimtetee. Halikuwepo. Nikaona aibu, nikadhani hatasikilizwa tena.

Mama akamgeukia yule bwana. "Wewe uliyeona, bibi harusi alilia nini?"

"Sijui. Nilisinzia."

"Basi nyamaza. Dahabo, endelea. Nguo ilikuwa ya kijani."