Mkeka wa Irungu

Nilipokuwa bado nafika kiunoni mwa bibi yangu, kazi yangu ya likizo ilikuwa kusimama kwenye nyasi. Sisemi kuchunga wala kukata, kusimama tu. Bibi alinishika mkono, tukapanda mlima ulio nyuma ya kijiji chake huko Muleba, na tulipofika kwenye njia ya ng'ombe akaniambia, "Simama wima. Usijinyooshe." Kisha alirudi nyuma kidogo akanitazama kama fundi cherehani anavyomtazama mteja. Nyasi zikiwa chini ya goti langu, alitikisa kichwa, tukarudi nyumbani. Zikinifika kiunoni, alivuta shada moja kutoka upande huu wa njia na jingine kutoka upande ule, akajaribu kuyafunga pamoja. Yakifungika, uso wake ulilainika.

"Ameamka," alisema.

Aliyeamka ni Irungu. Wazee wetu Wahaya walisema Irungu ndiye mwenye pori na kila kinachoota bila kupandwa. Ndani ya kibanja, yaani shamba letu la migomba na kahawa, bwana ni binadamu. Ukitoka kibanjani ukapanda juu unaingia rweya, uwanda wa nyasi wenye upepo na baridi ya asubuhi, na huko bwana ni mwingine. Bibi alisema Irungu hulala kwa zamu katika pande tatu za mlima wetu: upande wa ziwa, upande wa shule, na upande wa bondeni. Pale alipolala ng'ombe hawakanyagi mpaka aamke mwenyewe. Alama ilikuwa fundo la nyasi kavu lililofungwa kwenye kijiti, mwanzo wa njia.

"Na mtu akipita?" nilimuuliza.

"Irungu hampigi mtu. Anakunja mkeka wake, anaondoka. Mtabaki na mawe."

Mimi ni mwoga tangu zamani. Hata leo, nikishafunga mlango wa chumba changu huko Kibeta ninakoishi, hurudi kuusukuma kuhakikisha. Kwa hiyo nilipopita karibu na kile kijiti nilibana pumzi, nikatembea kwa vidole, nikimwazia huyo mwenye mkeka amejikunyata kwenye nyasi, sikio lake likiwa ardhini.

Usidhani Bibi alikuwa mtu wa mizimu. Rozari yake ilikuwa imechakaa kwa kushikwa, na mwanawe wa mwisho, baba yangu mdogo Deo, alikuwa katekista wa kigango chetu. Watu walimwita Ta Deo kwa heshima. Kati ya watoto wote wa Bibi, yeye ndiye aliyempenda mama yake zaidi, na nadhani ndiyo sababu lile fundo lilimkosesha raha. Hakutaka mama yake afike mbinguni akiwa na maelezo ya kutoa.

Kiangazi kimoja kilikuwa kikali. Pande mbili zilizokuwa wazi ziligugunwa mpaka kwenye mashina, na upande wa ziwa, uliofungwa, ulikuwa kijani hafifu, nyasi zikinifika kwenye goti. Kijijini ng'ombe wa majirani huchungwa pamoja kwa zamu, na siku hiyo zamu ilikuwa ya kwetu. Bihogo, ng'ombe wa pekee wa Bibi, mwekundu wa kahawia, alikuwa na mimba kubwa na mbavu zake zilionekana. Tulisimama mbele ya kijiti: Bibi, Ta Deo, mimi, na jirani yetu Ma Stela aliyekuwa ameleta ng'ombe wake wawili. Ma Stela hakuwahi kunyamaza palipohitaji kunyamazwa.

"Katekista," alisema, "Jumapili ulituambia Mungu aliigawa bahari. Leo ameshindwa na kishada cha nyasi?"

Ta Deo alicheka, lakini masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Alimgeukia mama yake.

"Mawe," alisema, kwani ndivyo tunavyomwita mama, "kwa heshima yote, waitu, hapa hajalala mtu."

"Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unalala?" Bibi alimuuliza.

"Nilikuwa nalala."

"Nilipokuamsha kabla hujashiba usingizi, ulikuwaje?"

"Alikuwa analia kutwa nzima!" alidakia Ma Stela. "Tulimsikia mpaka kwetu!"

Tulicheka wote, hata Bibi. Nilidhani mambo yamekwisha kwa kicheko hicho. Lakini Ta Deo alimwangalia Bihogo, akaangalia mbavu zile, akafanya ishara ya msalaba, akang'oa kijiti. Ng'ombe hawakungoja kuambiwa. Waliingia kwenye nyasi vichwa chini, na sauti ya kung'atwa kwa majani ilikuwa kama kitambaa kinachochanwa.

Nililia njia nzima ya kurudi. Nilikuwa na hakika Bihogo atakufa.

Kila asubuhi nilimkagua: unyevu wa pua, macho, kinyesi, kama anatafuna au amesusa. Hakuna kilichotokea. Nasisitiza hili kwa sababu kijijini kuna wanaosimulia leo kwamba radi ilipiga. Radi haikupiga. Bihogo alinenepa, akazaa ndama jike salama, na maziwa yake yalikuwa na povu zito. Ta Deo alimletea mama yake kikombe cha kwanza kwa mikono miwili.

"Unaona, Mawe?"

Bibi alikunywa, akajifuta mdomo. "Naona. Ni matamu," alisema. "Tunakunywa mkeka."

Baada ya hapo hakuna aliyejali fundo. Kila mtu alipeleka ng'ombe kila upande, kiangazi na masika, na kila nilipokuja likizo nilikuta kitu kimepungua. Zilianza kuondoka zile nyasi laini ambazo wanawake walikata kutandika sebuleni wakati wa Krismasi. Zikabaki zile ngumu zenye ncha, ambazo ng'ombe huzinusa na kuziacha. Katikati ya mashina ukatokea udongo mwekundu, na baada ya udongo, mawe. Mvua ikinyesha, maji hayakukaa tena mlimani. Yalishuka yakikimbia, yakapita mlangoni kwetu yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Migomba ilikosa nyasi za kufunikia shina, na mikungu ikawa midogo.

Mwishowe Bihogo akakosa chakula kabisa. Iliamuliwa apelekwe pamoja na uzao wake Izimbya kwa shangazi, ambako malisho yalikuwepo bado. Ta Deo ndiye aliyeshika kamba. Bibi aliwasindikiza mpaka mwisho wa kibanja, akampapasa Bihogo kwenye paji la uso, akamwambia, "Nenda ukale." Hakumlaumu mwanawe siku hiyo wala siku nyingine. Ila aliendelea kufukiza kibuyu cha maziwa kwa moshi wa nyasi, jioni kwa jioni, kana kwamba maziwa yatakuja. Alipofariki, kibuyu kilikuwa ukutani, kikinukia moshi, bila tone ndani.

Chuo kikuu nilifundishwa jambo hili kwa maneno mengine. Jani likiliwa kabla halijarudisha nguvu mizizini, mizizi hufupika; malisho yapumzishwe, mifugo izungushwe, hasa kwenye nyanda za juu ambako udongo ni mwembamba na nyasi hukua polepole. Nilitoka darasani nikitaka kumpigia mtu simu, na mtu huyo alikuwa amekwisha kuzikwa chini ya migomba yake.

Mwaka huu Ta Deo, sasa mzee wa mvi, aliniita. Amewashawishi majirani wauache upande wa ziwa mpaka mvua zipite, zirudi, zipite tena. Hakuwatajia Irungu. Aliwaeleza habari za mizizi na maji, baadhi zikiwa zile nilizomfundisha mimi. Watu walikubali kwa kunyanyua mikono, na wiki hiyohiyo ng'ombe wakaonekana ndani.

"Tulipokuwa waoga tulitii," Ma Stela alituambia, akiegemea mkongojo. "Sasa tumeelimika, tunahitaji mgambo."

Ta Deo hakutafuta mgambo. Akawa anapanda mwenyewe kila asubuhi, anawarudisha ng'ombe wa watu kwa upole, mpaka wenyewe wakaona aibu.

Nilipofika, tulipanda pamoja na mjukuu wake, Koku, anayefika kiunoni mwangu. Ta Deo alimwambia, "Simama wima. Usijinyooshe." Nilishtuka kusikia maneno hayo katika sauti ya mwanaume. Nyasi zilimfika Koku juu kidogo ya kifundo cha mguu. Katikati yake, mashina machache ya zile laini. Ta Deo alipiga goti kwa taabu, akavuta shada la upande huu na shada la upande ule. Hayakukutana.

"Alikuwa anazungushia kulia au kushoto?" aliniuliza.

Niliiona mikono ya Bibi, kucha zake, mishipa yake. Fundo lenyewe sikuliona. Mimi ninayesukuma mlango uliofungwa, sikuwahi kulitazama vizuri.

"Sikumbuki, baba mdogo."

Aliyaachia mashada, akabaki amepiga goti. Siamini kwamba kuna mtu amelala pale, na najua yeye pia haamini. Lakini mtoto alipoanza kuimba kwa sauti kubwa, yule katekista aliweka kidole mdomoni, na tulishuka wote watatu tukikanyaga mawe, tukiziepuka nyasi, bila kusema neno mpaka tulipofika kwenye migomba.