Mizani ya Mjomba

Juzi nilimwona mlinzi akiteleza juu ya ubao wa magurudumu mawili unaojisimamisha wenyewe, na harufu ya risasi ya kuchomelea redio ikanirudia.

Mjomba wangu, fundi redio pale Makambako, alifunga mota za waipa za lori chini ya ubao wenye magurudumu mawili, akaunganisha betri na transista. Kidude kilikuwa kimeshamwangusha mara nyingi. Alasiri moja, nikiwa mtoto mdogo, alikipanda tena, kikawa kinavuma kama nyuki, kikiyumba mbele na nyuma.

“Mjomba, kinataka nini?”

“Kinatafuta mizani, mama.”

Mizani niliyoijua mimi ilikuwa ile ya kupimia malori, kule barabarani. Nikakimbia kukifungulia geti.

Nilipogeuka, mjomba alikuwa amesimama wima juu ya ubao, hajashika kitu, machozi yanamtoka. Nikamhurumia. Geti lilikuwa wazi, na kidude chake kimegoma kwenda.