Mpangaji wa Viini Visivyodumu

Mpangaji wa chumba cha nyuma, kwa Mama Nduta huko Naro Moru, ni mwalimu wa chuo mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Akieleza utafiti wake hufumbata maharagwe kiganjani, kisha huachia moja lidondoke. "Kiini chepesi cha atomu kikijaa protoni kupita kiasi, hutema moja, Mama. Tukijua kinavyoitema, tunaelewa jinsi nyota fulani zinavyolipuka." Halafu huliokota lile haragwe, hulipuliza vumbi na kulirudisha kwenye ungo.

Mama Nduta alishika neno moja tu, kulipuka. Jumamosi alimfokea bintiye uani, "Wewe, toka hapo mlangoni! Ati unataka mionzi yake ikuingie?" Mlango ulikuwa wazi, na mpangaji alikuwa ndani akipiga hesabu kwenye kompyuta, hana kingine.

Jana alipoitwa chai kama kawaida, alikuja na kikombe chake mwenyewe.

"Wacha hicho, tumia cha hapa," Mama Nduta akasema.

"Iko sawa, Mama. Hivi hamtakuwa na wasiwasi."

Mama Nduta akamimina bila kuthubutu kumtazama, mpaka chai ikafurika ikamchoma mpangaji mkono, naye akasema asante.