Mgeni wa Miezi Mitatu

Mwaka jana nilirudi Mutomo kwa harusi ya binamu yangu. Nikiwa hotelini nasubiri chai, msichana wa Kizungu alikuja mezani kwangu na daftari. Akasema yeye ni mwanafunzi, amekuja miezi mitatu kujifunza kazi, na angependa kujua sisi watu wa hapa tunapataje maji. Nilimjibu kwa adabu, maana nilifunzwa adabu, lakini moyoni nilikuwa nimenuna. Huyo hakunikosea chochote, rafiki yangu. Alinikumbusha mwingine.

Yule mwingine alikuja miaka ya themanini, nikiwa darasa la sita. Kwao ilikuwa likizo. Kwetu ilikuwa ile miezi ya vumbi, mto umekauka juu na maji yamejificha chini ya mchanga. Afisa wa mradi wa maji alimleta kwa nyanya yangu, aliyenilea, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na mabati na sakafu ya simiti. Alikuwa kijana mrefu, shingo imeiva jua. Kiswahili alikuwa amekitoa kwenye kitabu.

"Shikamoo, bibi," akamwambia nyanya, ameinama kama anaokota kitu.

Kwetu bibi ni mke wa mtu. Nyanya alinigeukia. "Mimi nimekuwa bibi yake tangu lini?" Majirani walicheka hadi wakashika mbavu, naye akacheka pamoja nao, akidhani amependwa.

Sijaona mtu mzima asiye na kazi kama yule. Aliamka jua limeshapanda, akapanda kilima mbio hali hakuna anayemfukuza, akarudi ametota jasho, halafu akaoga. Kila siku alimwaga mtungi mzima kichwani, povu likatiririka hadi kwenye kinyesi cha mbuzi. Mtungi huo niliuleta mimi na punda kutoka mtoni. Nyanya alimchinjia jogoo wa kumkaribisha. Akasema hali nyama. Akapikiwa muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakapikwa na maharagwe. Akala vijiko viwili, akaenda chumbani, tukamsikia akitafuna biskuti zake. Baada ya hapo alizunguka vijijini akiandika: nyumba ngapi, mbuzi wangapi, mama huyu ana watoto wangapi. Alihesabu watu kama mifugo, na watu walimpa kiti bora.

Mimi ndiye niliyembebea hicho kiti. Nilikuwa mkalimani wake, maana Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Siku ya kwanza alinisifu Kiingereza changu mbele ya naibu wa chifu, na tangu siku hiyo nilitembea kama niliyemeza ufagio. Wenzangu wakichunga ng'ombe, mimi nilifuata nyuma ya buti zake na kalamu mfukoni.

Sasa, kisima. Pale mto unapopinda kulikuwa na shimo la mchangani, limezungushiwa miiba, ambalo nyanya alikuwa amelirithi kutoka kwa mama mkwe wake. Akina mama wa mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana kazi, walichota hapo. Ulipiga magoti, ukachota kwa kibuyu polepole, ukangoja maji yajikusanye tena. Yalikuwa matamu na baridi hata saa sita mchana. Mgeni aliyatazama mara moja akaamua shimo ni dogo, lichimbwe chini na kupanuliwa.

Jioni moja, tukiwa watatu tu jikoni, alimweleza nyanya mpango wake. Nyanya aliweka mwiko chini. "Mwambie hivi. Chini ya mchanga kuna udongo wa mfinyanzi. Huo ndio unaoshika maji matamu. Chini yake ni maji ya chumvi. Akiutoboa, ametuua. Mwambie vizuri."

Sikujua udongo wa mfinyanzi unaitwaje kwa Kiingereza. Ni hilo tu. Ningeweza kuonyesha kwa mikono, ningeweza kukimbia kwa mwalimu nikamuuliza. Lakini alikuwa ananitazama akisubiri, yeye aliyenisifu, na niliona aibu kuonekana sijui. Nikasema, "Nyanya anashukuru sana."

Akatabasamu. Nyanya akaliona lile tabasamu, akajua ujumbe umefika, akachukua mwiko akaendelea kukoroga.

Wiki hiyo nyanya alienda Matiliku kuzika dada yake. Siku ya pili naibu wa chifu aliwaita watu na majembe. Walichimba wakiimba, mgeni akiwapiga picha. Udongo mweusi ulitoka kwanza, kisha maji yakaja kwa wingi, watu wakapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga. Kufika asubuhi, ng'ombe walinusa wakarudi nyuma.

Nyanya aliporudi alikuta akina mama wamejaa mtoni. Alichovya kidole, akaonja, akatema. Mwalimu wa shule yetu alikuwa ameitwa azungumze na mgeni, na mgeni, uso mwekundu, alikuwa anajitetea. Mwalimu akawageukia akina mama. "Anasema aliuliza. Anasema mwenye kisima alishukuru. Msichana ndiye aliyetafsiri."

Macho yote yakanijia. Nyanya hakunitazama hata kidogo.

"Ni kweli," akasema. "Nilishukuru."

"Wewe? Wewe unayejua huo udongo?" akauliza jirani yetu, rafiki yake wa tangu ujana.

"Mimi. Niliona ni msomi."

Jirani alitema mate mchangani akabeba mitungi yake. Msimu ule wote mwethya haikuja kulima kwetu. Nyanya alilima peke yake na mimi. Mgeni aliondoka mwezi uliofuata, na ripoti yake, na bila shaka na picha za watu wanaoimba. Aliacha sabuni nusu.

Siku ile tuliporudi nyumbani nilingoja fimbo. Nyanya alikaza tu kamba za tandiko la punda. "Kesho tunaamka mapema," akasema. "Mto wa pili uko mbali."

Hakuligusia tena hadi alipofariki, nami sikuwahi kusimama mbele ya wale mama nikasema ukweli. Wengi wao wamekwisha kwenda. Hata mchanga wenyewe haupo. Malori yameubeba ukajenge magorofa, na waliopakia ni watoto wetu wenyewe. Pale mto unapopinda umebaki mwamba mtupu. Nimemdharau yule kijana miaka yote hii, na nitaendelea, kwa sababu ni rahisi. Lakini yeye alikuwa hajui tu, na aliuliza. Aliyejua, akapewa maneno mkononi kabisa, alikuwa mtoto wa pale pale.